Pestalozzi, Mwalimu wa Yatima

Johann Heinrich Pestalozzi alizaliwa mwaka 1746 katika mji wa Zürich, nchi ya Uswisi. Baba yake, aliyekuwa tabibu, alikufa mtoto akali na miaka mitano, akalelewa na mama yake pamoja na mtumishi mmoja mwaminifu. Alipokuwa mtu mzima alitaka kuwasaidia watoto wa maskini. Mwaka 1774 aliwakusanya katika shamba lake la Neuhof, wasokote pamba na kufuma huku wakifundishwa. Lakini fedha zilimwishia, na mwaka 1780 kazi ile ikafungwa. Watu wengi wakamdharau.

Hata mwaka 1798 askari wa Kifaransa walipigana na watu wa Stans, wakaua wengi na kuchoma nyumba zao. Serikali ya Uswisi ikampeleka Pestalozzi akawatunze yatima, naye wakati huo amekwisha kupita miaka 50. Mwezi wa Januari 1799 alianza kuwapokea katika nyumba ya watawa, mafundi wangali wakiitengeneza. Punde si punde wakawa kama 80. Wengine walikuja na upele na chawa, wengine wamekonda wamebaki mifupa, na wengi hawakujua hata herufi moja. Msaidizi wake alikuwa mwanamke mmoja tu wa kutunza nyumba. Tena wenyeji hawakumwamini, maana wao walikuwa Wakatoliki, naye ni Mprotestanti aliyetumwa na serikali waliyoichukia. Watoto wengine walitoroka mara walipokwisha kupewa nguo mpya.

Basi, mwalimu mmoja awafundisheje watoto 80? Aliwatamkisha silabi wote pamoja kwa sauti moja, na huku mikono yao ikichora juu ya vibao. Mtoto aliyejua jambo kidogo kuliko wenziwe aliketi kati ya wawili wasiolijua, akawashika mabegani, akawafundisha. Kwa njia hiyo walimu walizidi kila siku, wala hapakuwa na mshahara wa kulipa. Mwenyewe alikula nao na kulala kati yao. Usiku alisali na kuzungumza nao hata wakasinzia. Hakuwa mpole siku zote, alipiga makofi pia. Lakini watoto walijua kuwa anawapenda, wala hawakumwekea kinyongo.

Mwezi wa Aprili mji wa Altdorf uliteketea kwa moto. Pestalozzi akawauliza watoto wake kama wako radhi kuwapokea yatima wapatao 20 wa mji ule, akawaeleza wazi kwamba chakula kitapungua, kazi itaongezeka, na labda itawapasa kugawana nguo. Wakakubali wote. Nami naona jibu lile lilikuwa mtihani mkubwa kuliko wa kusoma, nao waliushinda kwa muda wa miezi michache tu.

Mwezi wa Juni askari wa Kifaransa waliitaka nyumba ile iwe hospitali. Watoto wengi wakarudishwa kwao na nguo na fedha kidogo, na Pestalozzi akaondoka mgonjwa. Alipopona akaenda Burgdorf, akaanza tena kama mwalimu msaidizi wa watoto wadogo, akiwafundisha hesabu kwa kokoto kabla ya tarakimu. Tangu 1805 shule yake ya Yverdon ikajulikana Ulaya nzima, na walimu wa nchi nyingi wakaja kuitazama. Alikufa mwaka 1827, akazikwa katika kijiji cha Birr, kando ya nyumba ya shule.