Ngei: Jela haikumvunja, madeni yalimwangusha

Huko Huruma, mashariki mwa Nairobi, jina la Ngei hutajwa kila siku na watu wasiomfikiria mwenyewe. Wadi mojawapo ya eneo bunge la Mathare huitwa hivyo. Wengi wa wakazi wake ni wapangaji, naye Paul Ngei aliwahi kuwa Waziri wa Nyumba.

Alizaliwa Machakos mwaka wa 1923, mjukuu wa Chifu Masaku, na fahari ya nasaba hiyo haikumtoka maishani. Oktoba 1952 alikamatwa, akashtakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao wanne, na kuhukumiwa kifungo cha miaka saba cha kazi ngumu. Alistahimili jua la Lokitaung bila kutikisika. Alipoachiliwa 1961 alipokelewa kama shujaa.

Kilichomshinda ni uhuru wenyewe. Nchi ilipokumbwa na uhaba wa mahindi mwaka wa 1965, Ngei ndiye aliyekuwa msimamizi wa soko la zao hilo. Kwa wafanyakazi wa reli wa Makongeni na wapangaji wa Kaloleni, unga ulikuwa ndio uhai. Tume ya uchunguzi ikabaini kuwa kinu cha mkewe huko Kangundo kilinunua mahindi kwa kuikwepa bodi. Alisimamishwa kazi, lakini si kwa muda mrefu: alirejeshwa barazani na kukabidhiwa wizara ya nyumba, tena wakati mitaa ya Eastlands ilikuwa ikifurika watu.

Alipenda magari ya kifahari kupita mshahara wake. Masimulizi ya jinsi alivyoyachukua dukani bila kulipa huenda yametiwa chumvi. Wadai wake, hata hivyo, walikuwa wa kweli.

Mwaka wa 1975 korti ilimpata na hatia ya kosa la uchaguzi. Desemba hiyo Katiba ikarekebishwa ili Rais aweze kumsamehe, naye akarudi bungeni na serikalini. Pengine hapo ndipo alipozoea kuamini kwamba daima angetokea mtu wa kumlipia.

Kenyatta alifariki 1978. Mnamo 1990 mahakama ilimtangaza Ngei kuwa muflisi, akapoteza kiti cha ubunge na uwaziri. Safari hii Katiba haikuguswa. Aliishi miaka yake ya mwisho akiwa mgonjwa, kwenye kiti cha magurudumu, hadi alipofariki Agosti 2004 akiwa na umri wa miaka 80.