Siti binti Saad: hakujua kusoma, lakini sauti yake ilifundisha wengi

Simu na redio siku hizi ni njia ya kujifunza, hata kwa wakimbizi wa kambi ya Kinama kule Muyinga na kwa wenyeji wa Muyinga na Gitega. Lakini penye simu moja nyumbani, mara nyingi anayeishika kwanza ni mtoto wa kiume. Wakati huo dada yake amekwenda kuchota maji, au yuko jikoni. Na hata akiipata, huwa ni msikilizaji tu wa mambo yaliyotungwa na wengine.

Jambo hili si geni kwa sisi tunaosema Kiswahili. Karibu miaka 100 iliyopita, mashine mpya ya wakati ule ilikuwa gramafoni, na mwanamke mmoja wa Zanzibar aliingia ndani yake kwa sauti yake mwenyewe. Ni Siti binti Saad.

Mtoto wa Fumba

Siti alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu wa bara waliofikishwa kisiwani na utumwa. Mtoto akaitwa Mtumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, lakini dharau kwa wazao wa watumwa haikufutika siku hiyo.

Shule hakwenda. Serikali ilifungua shule yake ya kwanza ya wasichana Zanzibar mwaka 1927, naye alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima. Kazi aliyofundishwa nyumbani ni ufinyanzi. Alitembea kutoka shamba hadi mjini akiuza vyungu, akiviita kwa sauti iliyofanya watu wageuke kumtazama.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyemfundisha kuimba na kufuata ala. Kwa kuwa hakujua kusoma, alijifunza kwa sikio na kwa kukariri, hata nyimbo za Kiarabu. Baadaye alipewa jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima, na lile la Mtumwa likaachwa.

Sifa zilipoanza kuenea, wapinzani walimtungia mashairi ya kumkejeli: asili yake, sura yake na vyungu vyake. Hakunyamaza. Alijibu kwa shairi, akionesha kwamba uzuri wa sura na ukoo si kitu kama mtu hana akili.

Safari ya Bombay

Kabla yake, taarabu iliimbwa kwa Kiarabu katika jumba la sultani, na watu wa kawaida hawakuielewa. Siti na wenzake waliiimba kwa Kiswahili, lugha ya mitaa ya Ng'ambo walikoishi maskini wa mji.

Mwaka 1928 kampuni ya gramafoni ilimchukua pamoja na kundi lake hadi Bombay, India, kurekodi. Mwanamke asiye na shule, aliyeitwa Mtumwa utotoni, akawa miongoni mwa wa kwanza kabisa kurekodi nyimbo za Kiswahili kwenye santuri. Ziliuzwa kwa maelfu, zikavuka bahari hadi Tanganyika, Kenya na mbali zaidi barani. Asiyekuwa na gramafoni alisikiliza mkahawani pamoja na wenzake. Haikumlazimu ajue kusoma ndipo aelewe.

Alichofundisha

Siti aliimba mapenzi, lakini pia aliimba habari za mji: mahakama, matajiri, na mateso ya wanawake. Wimbo wake unaojulikana sana, Kijiti, unahusu kisa cha kweli. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alichukuliwa matembezini na mwanamume, akauawa. Mwuaji alikimbilia bara, na mahakamani adhabu ikawaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Kisa ambacho kingeishia katika majalada ya mahakama kikasikika nchi nyingine. Waliosikiliza wakajadili: haki iko wapi?

Hapo ndipo kazi yake ilipokuwa elimu. Mashine ilitoka kwa wageni, lakini maneno, lugha na malalamiko vilikuwa vya watu wenyewe, na aliyevisema alikuwa mwanamke.

Siti alifariki Julai 1950. Kabla ya hapo mwandishi Shaaban Robert alimwendea, akasikiliza habari za maisha yake, akaandika Wasifu wa Siti Binti Saad. Hivyo mwanamke asiyesoma kitabu akawa somo ndani ya kitabu. Na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti.

Kwetu leo

Kuna mambo mawili ya kujifunza kwake. La kwanza, asiyejua kusoma si mtu asiyeweza kujifunza wala kufundisha. Mama aliyeacha shule kwa sababu ya vita anaweza kufuata somo la sauti, kisha akamweleza jirani.

La pili, kumpa msichana kifaa hakutoshi. Siti hakuwa na sauti tu; alikuwa na mwalimu aliyemkubali, kundi lililompigia ala, na nafasi ya kusema yake. Basi wazazi wapange zamu ya simu nyumbani, na zamu ya msichana isiliwe na kazi za jikoni. Kaka naye achote maji siku hiyo. Walimu na viongozi wa vijana, panapoandaliwa kipindi cha redio au somo la kurekodiwa, wasimwite msichana aje kusikiliza tu. Wampe kinasa sauti, achague la kusema, na alitangaze mwenyewe.