Mwendesha baiskeli aliyepima mikojo

Manfred Donike, Mjerumani aliyezaliwa 1933, alianzia barabarani, siyo maabara. Alishindana Tour de France mwaka 1960 na 1961. Baadaye akawa mkemia mjini Cologne, na kazi yake ikawa mikojo ya wanamichezo.

Mashine aliyoitegemea ni spektrometa ya masi. Kwa Kiswahili cha bwenini: vilivyomo kwenye mkojo vinatenganishwa, kisha kila molekuli inavunjwa na vipande vyake vinapimwa uzito. Kila dawa ina vipande vyake, kwa hiyo si rahisi kumsingizia mtu.

Kigingi kilikuwa testosteroni, maana mwili wenyewe unaitengeneza. Donike akailinganisha na ndugu yake, epitestosteroni. Kwa wengi viwango vyake vinakaribiana. Enzi hizo, ikiizidi zaidi ya mara 6, maswali yalianza. Mwaka 1983 kule Caracas, kwenye Michezo ya Mabara ya Amerika, wengi walinaswa, na wengine wakafunga virago kabla hata ya kushindana.

Alifariki 1995. Ninachompendea ni kwamba kipimo chake hakikusikiliza maneno ya kijiweni. Sisi tunaohukumiana kwa tetesi kila msimu wa uchaguzi wa chuo, nadhani tuna la kujifunza hapo.