Tom Mboya: Kutoka Baraza la Jiji hadi Kaburi la Rusinga

Katika Barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi kipo kituo cha zimamoto ambacho milango yake mipana inaelekea barabarani. Hapo awali barabara hiyo iliitwa Victoria, kwa jina la malkia wa Uingereza, kabla ya kupewa jina la mwana wa Rusinga. Makala haya yanadhamiria kuyaangalia maisha ya Mboya kupitia majengo mawili: kituo hicho, ambacho ni alama ya utawala wa mabaraza ya miji, na kaburi lake lililoko Kaunti ya Homa Bay.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, ambako babake, Leonard Ndiege, alifanya kazi katika shamba la mkonge. Asili ya wazazi wake ilikuwa kisiwa cha Rusinga. Alisoma Kabaa, Yala na Mangu, lakini ukosefu wa karo ukamzuia kuendelea. Mwaka 1948 alijiunga na chuo cha wakaguzi wa afya jijini Nairobi, na mwaka 1951 akaajiriwa na Baraza la Jiji kama bwana afya.

Mfumo wa mabaraza uliletwa na Waingereza. Kwao London, kazi ya kuzima moto ilikuwa mikononi mwa kampuni za bima hadi sheria ya mwaka 1865 ilipoikabidhi kwa mamlaka ya umma, miaka 4 baada ya moto mkubwa wa Mtaa wa Tooley uliomuua mkuu wa kikosi, James Braidwood. Vituo vilivyojengwa baadaye vilikuwa na umbo linalotambulika: milango mipana ya kutolea magari, ambayo mwanzoni yalikokotwa na farasi, mnara wa kuangikia mipira ya maji ili ikauke, na makao ya wazimamoto papo hapo. Majengo hayo yalitangaza kwamba usalama wa mkazi ni jukumu la umma. Hata hivyo, mfumo huo ulipofika Nairobi ulikuja na walakini, kwa kuwa Mwafrika aliuhudumia mji ambao haukumhesabu kuwa mkazi kamili.

Mboya aliyaonja hayo. Mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wa mkaguzi Mzungu aliyefanya kazi iyo hiyo. Siku moja mwanamke wa Kizungu aliingia ofisini akamkuta peke yake, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hapakuwa na mtu. Mboya hakuishia kunung'unika. Mwaka 1952 alianzisha chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, na mwaka uliofuata akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini. Wakati huo wa hali ya hatari, viongozi wengi walipokuwa kizuizini, vyama hivyo vikawa sauti ya wanyonge. Mwaka 1955 alisaidia kuutatua mgomo wa wapagazi wa bandari ya Mombasa, nao wakapata nyongeza ya mshahara.

Baada ya masomo katika Chuo cha Ruskin, Oxford, alichaguliwa mwaka 1957 kuwakilisha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1958 aliongoza mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya mpango wake iliwapeleka wanafunzi 81 Marekani. Baada ya uhuru alikuwa waziri wa sheria na katiba, kisha wa mipango ya uchumi.

Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa katikati ya Nairobi, umbali mfupi kutoka barabara ambayo sasa ina jina lake. Nahashon Njenga Njoroge alipatikana na hatia ya mauaji hayo, ila swali la aliyemtuma lingali midomoni mwa watu. Mboya alizikwa Rusinga. Nyumba ya kaburi lake ina umbo la risasi, mithili ya ile iliyomuua. 

Majengo hayo mawili yanasemezana. Moja lilijengwa ili kuokoa maisha, na la pili linashuhudia uhai uliokatizwa. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti jukumu la kuzima moto. Kwa hivyo, soko likiungua Migori au Homa Bay, mwananchi ana haki ya kuidai huduma hiyo kwa serikali iliyo karibu naye. Aidha, anayeitoa anastahili ujira wa haki. Mambo hayo mawili ndiyo aliyoyapigania bwana afya wa Rusinga tangu akiwa kijana wa miaka 22. Atakayezuru kaburi lake na ayakumbuke, kwani kuienzi kazi ya marehemu ni kuiendeleza.