HAYATI TOM MBOYA

Tom Mboya alizaliwa Kilima Mbogo mwaka wa 1930, baba yake akiwa kibarua wa shamba la mkonge. Enzi hizo hata shule zilikuwa na rangi. Prince of Wales kule Nairobi ilikuwa ya Wazungu tu. Mboya alisoma za misheni, karo ikashinda, akaacha Mang'u, akasomea ukaguzi wa afya. Siku moja mama Mzungu alileta maziwa ya kupimwa, akamkuta Mboya maabarani, akauliza eti hakuna mtu humo! Hebu fikirieni, wasomaji. Mwaka wa 1959 Kenya haikuwa na chuo kikuu. Mboya alizunguka Marekani akiomba nauli na nafasi, vijana 81 wakapanda ndege moja. Aliuawa kwa risasi Nairobi, Julai 5, 1969.