Harvey Cushing, munganga aliyepita njia ya pua

Wale wamesoma biolojia wanajua ipofizi. Ni tezi ndogo, nusu gramu hivi, inakaa chini ya ubongo, nyuma kabisa ya pua. Homoni zake zinaamrisha tezi zingine. Ikiota uvimbe, mtu mzima anageuka. Munganga Harvey Cushing aliitumikia tezi hii miaka mingi.

Alizaliwa tarehe 8 Aprili 1869 kule Cleveland, Marekani, mtoto wa mwisho kati ya 10. Baba yake alikuwa munganga, babu yake vilevile. Alipokuwa mwanafunzi wa Harvard, walimpa kazi ya kulaza mgonjwa kwa eteri, na mgonjwa akafa palepale. Kidogo tu aache masomo. Lakini kisha, yeye na mwenzake Codman wakaanza kuandika kwenye karatasi mapigo ya moyo na pumzi ya kila mgonjwa aliyelazwa. Na kile kitambaa wanatufunga kwenye mkono kwa kupima tansiyo, yeye njo alikirudisha toka Italia mwaka 1901 na kukieneza kwao.

Mwaka 1909 alipokea mlimaji mmoja ambaye mikono, miguu na taya zilizidi kukua: ipofizi yake ilikuwa inatoa homoni ya kukuza mwili kupita kiasi. Wakati ule, kufikia ipofizi kwa kufungua fuvu kulikuwa kunaua wengi. Schloffer wa Austria alikuwa amekwisha kupita upande wa pua mwaka 1907. Cushing akafuata njia hiyo, mlimaji akapona. Halafu akaitengeneza vizuri: anakata chini ya mdomo wa juu, ndani, anapita katikati ya pua, uso unabaki bila kovu. Toka 1910 mpaka 1925 alipasua hivyo mara 231, na waliokufa hawakufika 6 kwa 100.

Alikuwa mtu mkali, wasaidizi walimwogopa. Mwaka 1926 asubuhi waliposema mtoto wake mkubwa amekufa kwa ajali ya motokari, alienda kupasua mgonjwa aliyekuwa anamngojea. Kama ni nguvu ao ni ugumu wa moyo, kila mtu ataona mwenyewe.

Mwaka 1932 aliandika juu ya wagonjwa 12: uso mviringo, tumbo nene, mikono na miguu myembamba, mifupa inavunjika bure. Hapa Kalemie tungesema huyu anashiba tu! Cushing akaonyesha kwamba chanzo ni kivimbe kidogo sana cha ipofizi. Ugonjwa huo unaitwa kwa jina lake.

Lakini, ajabu, wakati ule yeye mwenyewe alikuwa ameacha njia ya pua. Shimo lilikuwa jembamba, lenye giza, na kufungua fuvu alikuwa amekuzoea. Wengine wengi wakamwiga. Alikufa tarehe 7 Oktoba 1939. Walipomchunguza walikuta kivimbe ndani ya ubongo wake pia.

Norman Dott wa Scotland, aliyejifunza kwake, hakuiacha. Mwaka 1956 Guiot wa Paris alikwenda kuitazama kwake, naye akamfundisha Jules Hardy wa Montréal. Miaka ya 1960 Hardy akaleta mikroskopu, akatoa vivimbe vya milimeta chache bila kuharibu tezi. Toka miaka ya 1990, waganga wanaingiza kwenye tundu la pua mrija mwembamba wenye taa na kamera, wanatazama ipofizi kwenye televizyo.