Robert Koch: munganga aliyefundisha dunia kutazama mbele ya kutibu

Hapa Ngezi, kama kwenye kartie zingine za Bunia, mgonjwa mara nyingi anapita kwa mganga wa kienyeji mbele ya kufika kituo cha afya. Kuna wanaofanya hivyo juu ya pesa, kuna wanaofanya hivyo juu ya imani, na kuna wale ambao dawa ya mizizi iliwaponyesha kweli tangu utoto wao. Lakini anayejifunza kazi hiyo leo hawezi kubakia na majani na magome peke yake. Anapashwa kujua mikrobi ni nini, vimelea ni nini, na namna gani mtu anatambua kama homa ya mtoto ni malaria, ni tifoide ao ni kitu kingine.

Somo hilo, hata likifundishwa wapi, linafika kwa jina moja: Robert Koch. Magonjwa aliyoyachunguza ni sawa orodha ya yale tunayoyajua hapa Ituri: kifua kikuu, kipindupindu, tauni, kimeta cha ng'ombe, malale. Na safari zake za mwisho zilimleta karibu na kwetu, mu visiwa vya ziwa Victoria upande wa Uganda. Huko alifanya jambo ambalo kila mwenye kutibu watu, akiwa na sindano ao na mizizi, anapashwa kulijua.

Mtoto wa mji wa migodi

Koch alizaliwa tarehe 11 mwezi wa 12 mwaka 1843 mjini Clausthal, Ujerumani, mji wa milima na migodi. Baba yake alikuwa na cheo kwenye kazi za migodi, na nyumba ilijaa watoto. Watu wa Mongbwalu wataelewa haraka maisha ya mji wa namna hiyo. Alisoma udaktari kwenye chuo kikuu cha Göttingen, akamaliza mwaka 1866. Mwaka uliofuata alioa Emmy Fraatz, na wakapata mtoto mmoja, binti.

Mwaka 1872 akawa munganga wa serikali huko Wollstein, mji mdogo ambao leo uko ndani ya Poland. Hakuwa na labo. Aligawa chumba chake kwa pazia: upande mmoja alipokea wagonjwa, upande wa pili aliweka mikroskopi na panya wake. Wakati ule kimeta kilikuwa kinamaliza kondoo na ng'ombe wa wakulima. Wachunguzi wengine walikuwa wamekwisha kuona vijiti vidogo ndani ya damu ya wanyama waliokufa, lakini hakuna aliyekuwa ameonyesha wazi kama vijiti hivyo njo vinaleta ugonjwa, ao vinatokea tu kisha mnyama kuugua.

Koch alichukua vipande vyembamba vya mti, akavichovya ndani ya damu ya mnyama mgonjwa na kuwachoma panya. Panya wakafa, na damu yao ikajaa vijiti vile vile. Kisha akavikuza vijiti nje ya mwili, ndani ya maji ya jicho la ng'ombe, kizazi kisha kizazi, mpaka hakukubaki kitu cha mnyama wa kwanza. Bado viliua panya. Akaona tena kwamba vijidudu hivyo vinaweza kujifunga kama mbegu ngumu na kukaa mu udongo miaka mingi. Njo sababu malisho fulani yalikuwa yanaua mifugo kila mara. Mfugaji wetu wa Djugu ao wa Irumu anayekatazwa kupasua ng'ombe aliyekufa kwa kimeta anafuata somo lililotoka nyuma ya pazia lile. Mwaka 1876 Koch alipeleka majaribio yake Breslau kwa profesa Ferdinand Cohn, na munganga wa kijijini akajulikana.

Elimu iliyopita jikoni

Mwaka 1880 aliitwa Berlin. Shida kubwa ilikuwa kutenganisha vijidudu. Ndani ya supu vinachanganyika vyote, na mtu hawezi kujua ni kipi kinafanya nini. Juu ya kipande cha kiazi kilichopikwa, Koch aliona madoa ya rangi mbalimbali, na kila doa lilikuwa jamii moja ya kijidudu. Akaanza kutafuta kitu kigumu cha kuvikuzia. Jelatini ilikuwa inayeyuka kwenye joto. Jibu lilitoka kwa Fanny Hesse, mke wa mwenzake wa labo, aliyekuwa anatumia agari, kitu kinachotoka kwa mimea ya bahari, kugandisha vyakula vyake. Mpaka leo labo za dunia nzima zinatumia agari.

Tarehe 24 mwezi wa tatu mwaka 1882, Koch alisimama mbele ya wenzake Berlin akawaonyesha kijidudu cha kifua kikuu. Wengi walikuwa wanaamini ugonjwa huo ni wa ukoo, unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Juu ya siku hiyo, kila mwaka tarehe 24 mwezi wa tatu ni siku ya kifua kikuu duniani. Mwaka 1883 alikwenda Misri, kisha India, na mwaka 1884 akaonyesha kijidudu cha kipindupindu na ginsi kilivyohusika na maji ambamo watu walikuwa wanafua na kuchota ya kunywa. Kwa watu wa Kasenyi na Tchomia, kandokando ya ziwa Albert, somo hilo halihitaji maelezo marefu.

Kanuni alizofundisha zinaeleweka bila hesabu ngumu. Kijidudu kiwepo kwa wagonjwa wa ugonjwa ule. Kitolewe na kikuzwe peke yake. Kikiwekwa kwa mnyama mzima, kilete ugonjwa ule ule. Na kitolewe tena kwake, kionekane ni kile kile. Baadaye yeye mwenyewe aliona kanuni hizi zina mipaka, juu kuna watu wanaobeba kijidudu cha kipindupindu bila kuugua. Lakini mzizi wa somo ulibaki: usiseme kitu fulani njo kinaleta ugonjwa mpaka umekitafuta na umekiona.

Mwaka 1885 akawa profesa Berlin. Waganga walitoka inchi mbalimbali kuja kujifunza. Somo halikuwa la kukariri: mwanafunzi alipaka rangi, alikuza vijidudu, alitazama kwa jicho lake mwenyewe. Mmoja wao alikuwa Kitasato Shibasaburo kutoka Japani. Mwaka 1894 Kitasato alikuwa Hong Kong kutafuta kijidudu cha tauni, pamoja na Alexandre Yersin, ambaye jina lake njo limebaki kwa kijidudu hicho.

Dawa ya siri

Hapa hadithi inageuka. Mwaka 1890 Koch alitangaza kwamba amepata kitu cha kuzuia kifua kikuu ndani ya mwili. Kiliitwa tuberkulini. Wagonjwa kwa maelfu walikimbilia Berlin. Lakini hakusema dawa imetengenezwa na nini. Aliifanya siri, kama vile mzee wa kijiji anavyoficha mti wake. Alikuwa amejichoma mwenyewe dawa hiyo, na ilimletea homa kali. Hata hivyo ilianza kutumiwa kwa wagonjwa upesi upesi. Wengi hawakupona, wengine hali yao ilizidi kuwa mbaya, na kuna waliokufa. Mwanzo wa 1891 alieleza ilitoka wapi: ilitoka kwa vijidudu vyenyewe vya kifua kikuu. Jina lake liliumia. Tuberkulini haikuponyesha, ila baadaye ilifaa kwa kupima nani amekwisha kukutana na kijidudu hicho.

Mtu aliyedai ushahidi kwa kila kijidudu hakudai ushahidi ule ule kwa dawa yake.

Alipofika kwetu Afrika

Mwaka 1897 alifika Dar es Salaam, wakati ule mji wa koloni ya Ujerumani. Mwaka 1898 alionyesha kwamba ugonjwa uliokuwa unaua watu Kiziba, upande wa Bukoba, ulikuwa tauni. Wenyeji walikuwa na jina lao la ugonjwa huo, na walijua kwamba panya wakianza kufa ndani ya nyumba, watu watafuata. Labo ilikuja kuthibitisha kile macho ya wenyeji yalikuwa yamekwisha kuona. Kwetu, upande wa Rethy na Aru, tauni ingali inarudi, na panya waliokufa wangali njo alama ya kwanza.

Mwaka 1905 alirudi, akachunguza homa inayoletwa na papasi, kupe wanaojificha mu vumbi la nyumba. Alionyesha kwamba papasi mama anapitisha kijidudu mpaka ndani ya mayai yake. Mwaka ule ule Joseph Dutton, mchunguzi Mwingereza, alikufa kwa homa hiyo hapa Kongo, huko Kasongo, akiwa anaichunguza. Mwisho wa 1905 Koch alipewa tuzo ya Nobel juu ya kazi yake ya kifua kikuu.

Kisha ikaja malale. Ilikuwa imeua watu kwa mamia ya maelfu kandokando ya ziwa Victoria. Mwaka 1906 Koch alifika visiwa vya Sese, akafungua kambi Bugala. Wagonjwa walikuja wengi sana, kila siku. Alitafuta vimelea ndani ya damu na ndani ya maji ya tezi za shingo, na alitumia Atoxyl, dawa yenye sumu ya aseniki. Mwanzoni ilionekana ni muujiza: vimelea vilipotea, watu waliokuwa wanabebwa wakatembea. Lakini vilirudi. Koch akaongeza dozi, kutoka nusu gramu mpaka gramu nzima. Wagonjwa wakaanza kulalamika maumivu na kizunguzungu. Zaidi ya 20 walipofuka, na macho yao hayakurudi. Kisha hapo akaacha dozi kubwa.

Watu wa Sese walikuwa chini ya ukoloni na ugonjwa ulikuwa unawamaliza. Walikuja wenyewe, juu hawakuwa na fasi ingine ya kwenda. Kujaribu dozi juu ya watu namna ile kusingekubaliwa kirahisi kwa wagonjwa wa Berlin. Na dawa haikuweza kufika vizuri kwenye ubongo, fasi vimelea vya malale vinakojificha ugonjwa ukikomaa.

Koch alikufa Baden-Baden tarehe 27 mwezi wa tano mwaka 1910, moyo ukiwa umechoka. Taasisi yake Berlin leo ina jina lake. Wale waliopofuka Sese, vitabu vinataja hesabu yao tu.

Nini cha kuchukua

Mwanafunzi wa dawa za kienyeji anaweza kuchukua mawili kwa mtu huyu. La kwanza ni mikroskopi. Mtu anayekohoa zaidi ya majuma mawili, usimkalishe mwezi mzima na chupa ya mizizi. Mpeleke labo, wapime makohozi yake. Akiwa na kifua kikuu, kila siku ya kuchelewa anaambukiza nyumba yake. Dawa za kifua kikuu zinatolewa bure.

La pili ni makosa yake. Homa ikishuka, vimelea pengine vingali ndani. Sese ilionyesha hivyo. Mti unaoua kijidudu unaweza kumuumiza mtu vilevile, na kipimo cha kiganja si dozi. Dawa ya siri haina mtu wa kuirekebisha. Magome ya mti wa kinini, unaolimwa hata Kivu, yalikuwa dawa ya kienyeji kwanza; yalikuwa dawa ya dunia wakati watu walipotoa kilicho ndani, wakakipima na kuandika kiasi. Na malale, leo kuna vidonge vya kumeza, feksinidazole, vilivyojaribiwa zaidi hapa hapa Kongo, kwa wagonjwa walioelezwa kwanza na kukubali.

Huko Sese, mtu aliyejua zaidi ya wote duniani kutafuta kijidudu alichelewa kusikiliza mgonjwa aliyesema kichwa kinazunguka. Ukimpa mtu dawa yako leo, umwite tena kesho na kesho kutwa, umuulize anaona namna gani.